Rekodi ya Mazingira Imeharibika Wapi? Dalili, Visababishi na Marekebisho

Rekodi ya sauti za mazingira hutumiwa redioni ili kumfikisha msikilizaji mahali fulani: ufuo wa Dunga huko Kisumu alfajiri, soko la Kibuye mjini humo siku ya Jumapili, au kituo cha matatu mjini Nakuru mvua inapoanza kunyesha. Rekodi isipoweza kufanya kazi hiyo, anayejifunza hukimbilia kulaumu kifaa na kuanza kutafuta pesa za kununua kingine. Aghalabu kifaa hakina kosa. Kasoro nyingi hutokana na mahali maikrofoni ilipowekwa, saa iliyochaguliwa na namna kifaa kilivyoshikwa, na kasoro za aina hiyo hazitibiki kwenye kompyuta. Hutibika kwa kurudi palepale na kusimama pengine. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kile ambacho sikio linasikia, kisha unafuata nyayo hadi kwenye chanzo.

Kabla ya kuamua lolote, sikiliza rekodi kwa hedifoni zinazofunika masikio yote, mahali patulivu, bila kugusa chochote katika programu ya kuhariri. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti nzito za chini, na hizo ndizo zinazobeba ushahidi mwingi.

Ngurumo nzito inayokuja na kuondoka

Hii ndiyo kasoro inayowasumbua zaidi watu wanaorekodi kando ya Ziwa Victoria. Husikika kama vishindo vizito visivyo na mpangilio, vinavyofunika kila kitu kwa sekunde moja au mbili kisha vikaachilia. Mara nyingi ni upepo, lakini hakikisha, kwa sababu lori linalopita mbali nalo hutoa ngurumo nzito. Sikiliza chaneli ya kushoto peke yake, halafu ya kulia. Lori husikika kote kuwili na hupita kwa utaratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Upepo hupiga kila maikrofoni kivyake, kwa hiyo vishindo vya kushoto havilingani na vya kulia.

Kinachotokea ni kwamba hewa inazunguka na kuvurugika kwenye uso wa maikrofoni yenyewe. Sauti hiyo haipo ufuoni. Inazaliwa pale kifaa kilipo, na sehemu yake kubwa huwa chini ya hezi 200 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde). Sponji ndogo inayouzwa pamoja na kinasa sauti hufaa kwa pumzi ya mtu anayezungumza na kwa upepo mwanana, lakini upepo wa ziwani unaishinda. Kinga inayofaa ni ile yenye manyoya marefu bandia, ambayo hupunguza kasi ya hewa hatua kwa hatua kabla haijafika kwenye maikrofoni.

Asiyeweza kununua kinga hiyo anaweza kuishona. Katika mitumba ya Kibuye hakukosekani koti la mtoto au kofia yenye manyoya bandia ya urefu wa sentimita tatu hivi. Kabla ya kulipa, weka kitambaa mdomoni upande wa nyuma na upulize: pumzi ikipita kwa urahisi, kitambaa kinafaa, ikizuiwa, kitaziba pia sauti nyembamba, na rekodi zako zitakuwa zimefifia. Ukishakishona, rekodi mlio wa funguo zikitikiswa, kwanza bila kinga, kisha ukiwa umeivalisha maikrofoni. Tofauti ikiwa ndogo, umepata kinga nzuri.

Hata hivyo, manyoya peke yake hayatoshi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja Kisumu. Usiku mambo hugeuka. Katikati ya mageuzi hayo, kabla ya jua kupanda, mara nyingi hupatikana muda wa utulivu, nao ndio muda wa kurekodi mitumbwi ikirudi, makasia yakigonga ubao na wavuvi wakiitana. Anayefika ufuoni saa nane mchana na kinga ya bei ghali atapata rekodi mbaya kuliko yule aliyefika saa kumi na mbili asubuhi na kinga ya mtumba. Ukilazimika kurekodi mchana, jikinge nyuma ya ukuta, mtumbwi uliopinduliwa au kichaka, na uteremshe maikrofoni karibu na ardhi, kwa kuwa huko upepo hupungua.

Vinasa sauti vingi vina kichujio kinachokata sauti za chini, kwa kawaida chini ya hezi 80 au 100. Kiwashe pale upepo unapokuwepo. Lakini usikitegemee kuokoa rekodi ambayo upepo umeipiga hadi vilele vya mawimbi ya sauti vikakatika, maana kilichokatika hakirudi kwa kuchujwa.

Mikwaruzo na migongano midogo

Ukisikia mikwaruzo mifupi ya karibu sana, ambayo haina uhusiano na mahali ulipokuwa, umejirekodi mwenyewe. Vidole vinavyohama kwenye kifaa, waya unaogusa nguo, koti la nailoni, bangili, na hata kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine juu ya kokoto, vyote hunaswa. Weka kinasa sauti kwenye kigoda cha miguu mitatu (tripodi), hata kidogo cha simu, uondoke hatua tatu nne, na usirudi kukiangalia kila dakika. Palipo na sakafu ya mbao au meza inayotikisika, tandika kitambaa kizito chini ya miguu ya kigoda. Waya ukiwepo, ufunge kitanzi kimoja kilicholegea kwenye mguu wa kigoda ili mtikisiko usipande hadi kwenye maikrofoni.

Drrr-drrr ya simu na mvumo wa umeme

Mfululizo wa mapigo ya haraka, drrr-drrr-drrr, unaotokea ghafla na kukoma, ni simu inayowasiliana na mnara kwa mtandao wa kizazi cha pili (2G). Mapigo hayo huja mara 217 kwa sekunde na huingia kwenye nyaya za kinasa sauti moja kwa moja. Hutokea zaidi vijijini, ambako mawimbi ni hafifu na simu hulazimika kutumia nguvu nyingi kuutafuta mnara. Izime simu yako au uiweke katika hali ya ndegeni, na umwombe mwenzako aliye karibu afanye vivyo hivyo. Kuipunguza sauti au kuiweka kwenye mtetemo hakusaidii.

Mvumo mzito usiobadilika ni jambo jingine. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo mvumo huo huwa wa hezi 50 pamoja na 100 na 150. Swali la kwanza ni kama mvumo ulikuwepo hewani au umeingia kupitia waya. Chomoa maikrofoni ya nje huku ukisikiliza kwa hedifoni. Mvumo ukibaki, tatizo lipo kwenye kifaa, na mara nyingi mhalifu ni chaja. Ichomoe na utumie betri. Mvumo ukitoweka, irudishe maikrofoni na uigeuze pole pole huku na kule: ukipanda na kushuka kufuatana na upande unaoelekea, basi kuna transfoma kwenye nguzo, friji ya soda dukani au mota ya kinu cha unga iliyo karibu nawe. Kinu cha unga kikiwa ndicho unachorekodi, mvumo huo ni haki yake. Kikiwa ni cha jirani, sogea.

Sauti ya shhh isiyokatika

Sauti hii huja pale unaporekodi kitu cha upole, kwa mfano maji yanayolamba mawe au ndege wa mbali katika msitu wa Kakamega, kisha ukalazimika kupandisha sauti nyumbani. Kila maikrofoni na kila saketi ina kelele yake ya ndani, na ukipandisha kilicho hafifu unapandisha na kelele hiyo. Wengi hutumia programu za kuondoa shhh, ambazo kwa sauti za mazingira ni hatari sana: haziwezi kutofautisha kelele ya kifaa na majani yanayopeperushwa, kwa hiyo huyafuta yote mawili na kuacha mabaki yenye mlio wa kimetali.

Dawa ni kusogea karibu. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, chanzo kidogo cha sauti huongezeka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) bila kuongeza hata chembe ya kelele ya kifaa. Kutoka mita nne hadi mita moja, umepata desibeli 12 bure. Kama kitu hakisogeleki, ndege aliye juu ya mti kwa mfano, kubali kwamba kifaa chako hakijafika hapo na utafute sauti nyingine ya mahali hapo iliyo karibu.

Sauti kuvunjika, na sauti inayopanda na kushuka yenyewe

Sauti ikisikika imepasuka pale inapokuwa kubwa, mawimbi yamefika kikomo na vichwa vyake vimekatwa. Katika eneo hili adui ni wale wanaokuja ghafla: honi ya matatu, nyundo ya fundi wa jua kali, kwarara anayepita juu ya paa alfajiri akipiga kelele wakati umekipandisha kifaa ili kunasa minong'ono ya majani. Weka kiwango ili vilele vya kawaida vifike desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo kwenye mita ya kifaa, au hata 18 mahali pasipotabirika. Ukirekodi kwa biti 24 (mpangilio wa ubora kwenye kifaa), huna haja ya kuogopa kurekodi kwa kiwango cha chini, kwa kuwa nafasi iliyobaki ni kubwa. Kama sauti inavunjika ilhali mita inaonyesha kiwango cha chini, kukatika kumetokea kwenye maikrofoni yenyewe au kwenye lango la kuingilia, rudi nyuma.

Mara nyingine sauti haivunjiki, bali mazingira yote huzama baada ya kila kishindo na kuibuka taratibu. Hiyo ni kazi ya kiwango cha kujiendesha, yaani kifaa kupandisha na kushusha sauti chenyewe, ambacho katika simu huwa kimewashwa tangu kiwandani. Kizime. Programu ya kurekodi ya simu isipokuruhusu, tafuta nyingine inayokupa nafasi ya kuweka kiwango kwa mkono.

Rekodi safi ambayo haisemi kitu

Hapa ndipo penye tatizo gumu kuliko yote, kwa sababu hakuna mita inayolionyesha. Hakuna upepo, hakuna shhh, hakuna kilichovunjika, na bado mtayarishaji wa kipindi anauliza: hapa ni wapi?

Chanzo ni kwamba sikio la mtu aliyesimama sokoni husaidiwa na macho. Ukimwangalia mama anayepima omena kwa gorogoro, akili yako humsikia yeye na kuwasahau wengine mia. Maikrofoni haichagui. Huchukua kila kitu kwa uzito sawa, na soko lililorekodiwa kutoka katikati ya njia, hata liwe zuri namna gani kwa aliyekuwepo, hugeuka kuwa mngurumo mmoja ambao ungeweza kuwa wa uwanja wa mpira au ukumbi wa mkutano.

Rekodi inayoeleweka redioni huwa na kitu kimoja cha mbele kinachotambulika mara moja, na mahali penyewe nyuma yake. Pale ufuoni, usisimame kwenye lango. Omba ruhusa kwa mama anayepara samaki, ukalete maikrofoni umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ubao wake. Kisu kikianzia mkiani mwa ngege, mparuzo huwa mrefu na mkavu. Kikikaribia kichwa hukatika vipande vifupi, kisha samaki hugeuzwa, ubao ukalia, maji yakamwagwa kutoka kwenye kikombe cha plastiki. Mnunuzi anauliza, "Huyu ni pesa ngapi, mama?" na jibu linakuja bila kisu kusimama. Nyuma ya hayo kuna mota ya boti, kunguru na watoto. Sekunde kumi tu zinatosha kumweka msikilizaji pale.

Kwa hiyo chukua kila mahali kwa umbali wa aina tatu: karibu kabisa, hatua tano sita nyuma, na mbali ambapo mahali pote panasikika kwa ujumla. Kila moja irekodiwe kwa dakika tatu hadi tano bila kuzungumza wala kusogea. Mhariri atahitaji ile ya mbali kuwa zulia chini ya maneno ya mtangazaji, na ile ya karibu kufungulia kipindi. Rekodi ya sekunde ishirini haimfai, maana akiirudia rudia msikilizaji atatambua mbwa yuleyule anayebweka kila mara.

Mvua inastahili kutajwa peke yake. Mvua kubwa juu ya mabati, iwe ya alasiri kule Kakamega au ile yenye mawe ya Kericho, ni sauti tunayoipenda na ambayo redioni hudanganya: ikiwa imekolea, msikilizaji hudhani stesheni imepoteza mawimbi na anaanza kushika kitufe. Kinachotambulika ni mwanzo na mwisho. Nasa matone ya kwanza yaliyotengana, mtu akikimbilia kuanua nguo, kuku wakiingia chini ya ghala, mlango ukifungwa. Kisha, mvua ikipungua, maji ya mfereji wa paa yakidondokea kwenye ndoo inayojaa, ambapo mlio hubadilika kadiri maji yanavyopanda. Kati ya hivyo viwili, sekunde chache za mvua kamili zinatosha.

Kuna sauti nyingine ambazo hazitambuliki hata zikirekodiwa vizuri. Heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru, wakiwa wengi, hutoa mnong'ono mzito wa koo ambao asiyewahi kufika hapo hatajua ni wa nini, na tangu maji ya ziwa hilo yalipoanza kupanda katika miaka ya 2010 ndege hao hawapatikani kila uendapo. Sauti kama hiyo inahitaji sentensi moja ya mtangazaji kabla yake. Kuomba sentensi hiyo si kushindwa.

Ilikuwa nzuri nyumbani, redioni imepotea

Wasikilizaji wengi hutumia redio yenye spika moja ndogo, au simu, au redio ya matatu iliyojaa watu. Stesheni za FM hutoa sauti hadi takriban kilohezi 15, lakini spika ya kiganja hutoa kidogo sana chini ya hezi 200. Kishindo cha radi ulichokifurahia kwenye hedifoni kinaweza kusikika kama kitu kidogo kisicho na mwili. Sikiliza kazi yako kwenye redio au simu ya bei nafuu kabla ya kuiwasilisha.

Jambo la pili ni sterio. Chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, zikiunganishwa kuwa moja (mono), baadhi ya sauti zinaweza kufutana, hasa kama maikrofoni mbili zilikuwa zimeachana au waya mmoja umeunganishwa kinyume. Dalili ni kwamba mazingira yanabaki membamba, au yanatoweka kabisa. Bonyeza kitufe cha mono katika programu yako ya kuhariri na usikilize. Sauti ikipungua sana, jaribu kugeuza mawimbi ya chaneli moja. Vinasa sauti vyenye maikrofoni mbili zilizopishana mahali pamoja havina hatari kubwa ya namna hii.

La tatu ni mitambo ya stesheni, ambayo hubana sauti ili yote iwe na nguvu sawa. Mitambo hiyo huinua mazingira kila mtangazaji anapovuta pumzi. Mazingira yanayowekwa chini ya maneno yawe tulivu yasiyo na honi wala kelele za ghafla, na yawe chini ya sauti ya msemaji kwa takriban desibeli 15 hadi 20.

Na hatimaye kuna njia ya kutuma. Sauti za mvua, makofi na majani huharibika upesi faili inapobanwa. Zinabaki na mlio wa kuchuruzika ambao hauondoki. Rekodi kwa WAV, yaani faili isiyobanwa, na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti badala ya ujumbe wa sauti.

Watu wamebadilika mara walipoiona maikrofoni

Fundi anaacha kugonga ili akusalimu, watoto wanakusanyika, mtu anauliza ni ya stesheni gani. Usijifiche. Kurekodi kwa siri ni kukosa heshima, na mtu ambaye sauti yake inatambulika ana haki zake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Jitambulishe kwanza kwa wenye mahali, kama vile viongozi wa kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU) au mwenyekiti wa soko, waeleze sauti itatumika wapi, waache wanaotaka wasikilize kwa hedifoni, halafu kaa. Baada ya robo saa hivi shughuli hurudi zilivyokuwa. Muziki ukipigwa karibu, omba upunguzwe au uhame: wimbo wenye haki miliki huweza kuizuia rekodi nzima isitumike.

Faili haifunguki, haipo, au imekatika

Betri ikiisha kabla hujabonyeza kitufe cha kusimamisha, vifaa vingine huacha faili isiyokamilika ambayo kompyuta haiwezi kuifungua. Usirekodi kitu kingine juu ya kadi hiyo. Itoe, kisha utafute programu ya kurekebisha faili. Kama kifaa kinazima mapema ingawa betri zimechajiwa, angalia mipangilio: betri ndogo za kuchaji kwa kawaida huwa na volti 1.2 na zile za kutupa 1.5, na kifaa kisipoambiwa ni za aina gani hukadiria vibaya kiasi kilichobaki.

Sterio ya biti 24 kwa kilohezi 48 hula takriban megabaiti 17 kwa dakika, yaani gigabaiti moja kwa saa. Kadi inayodai ukubwa wa ajabu kwa bei ya chini huenda ni bandia. Ijaze yote kwa majaribio nyumbani, kisha uyafungue mafaili ya mwisho. Mwanzoni mwa kila rekodi taja kwa sauti yako mahali, tarehe, saa na unachokirekodi, halafu nyamaza sekunde tano kabla ya sauti unayoitaka, ili mhariri aweze kukata maneno yako bila kuyagusa mazingira.